Mapigo ya Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa ya kutengeneza lifti, hofu ndiyo iliyonikagulia kazi. Kabla ya kukanyaga paa la lifti, nilisimama mlangoni mwa shimo inamopita lifti nikausikiliza moyo. Ukienda mbio, nilirudi chumba cha mashine kuhakikisha swichi kuu imezimwa. Mara tatu nilikuta haijazimwa.

Kisha hofu ikazidi kiasi. Nikawa natetemeka hata kwenye ngazi za nyumbani, na mke wangu akawa ananikuta nimekaa kitandani nimeshika ukuta. Daktari akanipa vidonge. Nilimwambia mimi ni fundi. Hakuuliza fundi wa nini, nami sikuongeza neno. Alinieleza kwamba vidonge vitautuliza ubongo, na huenda homoni zinazomwagika mtu anapoogopa zikapungua pia. Ili azipime, alinipa vichupa nitemee mate kila saa nne asubuhi na kila jioni, wiki mbili.

Nilitulia kama maji mtungini. Shemeji, kaka wa mke wangu ninayefanya naye kazi, alinitania kwamba siku hizi naingia shimoni kama bwana harusi.

Siku ya majibu daktari aliifungua karatasi. Homoni zimeshuka vizuri, alisema, isipokuwa asubuhi mbili. Hizo zilipanda sana.

"Uliogopa nini siku hizo?"

"Sikuogopa kitu, daktari."

Nyumbani nilifungua daftari la kazi, maana huandika kila kitu. Asubuhi ya kwanza, shemeji alikuta swichi kuu imewashwa na mimi niko juu ya lifti. Ya pili, nilikuwa nimeinama shimoni bila kufunga mkanda wa usalama. Nakumbuka siku zote mbili nilikuwa napiga mluzi.

Mwili wangu ulikuwa umeogopa bila kunishirikisha.

Nilimweleza shemeji yote, kwa sababu tunasimama wawili juu ya paa lile, na nikikosea hatakufa mmoja. Nilitegemea anicheke. Alisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na yeye hataki kumpelekea dada yake kilio. Tukakubaliana nirudi kwa daktari Ijumaa nimwambie kazi yangu ni ipi. Mpaka siku hiyo, kabla hatujaingia shimoni, shemeji atanishika mkono wa kushoto na kuhesabu mapigo.

Jumatatu yalikuwa sabini na mbili. Jumanne, sabini.

Jumatano tulikuwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa tisa. Lifti ilikuwa imesimama ghorofa ya nne, tupu. Nilizima swichi kuu, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Shemeji akanishika mkono mlangoni mwa shimo, ghorofa ya tano, juu tu ya paa la lifti. Mimi nilikuwa nawaza viatu vya binti yangu. Nikaona anaacha kuhesabu, anaanza upya.

"Mia na thelathini na sita," akasema. "Shemeji, una nini?"

"Sina kitu. Tuingie."

Hakuniachia. Alikwenda nami juu, chumba cha mashine, tukatazama swichi: imezimwa. Kufuli: limefungwa. Tukarudi mlangoni. Mapigo mia na arobaini.

"Leo hatuingii."

"Kwa sababu gani?"

"Muulize huyu," akasema, akininyanyulia mkono wangu mwenyewe mbele ya uso.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo lifti ilipoanza kupanda. Umeme haukuwepo. Breki ilikuwa imeachia, na lifti tupu breki ikiachia hupanda, kwa sababu vyuma vinavyoisawazisha upande wa pili ni vizito kuliko yenyewe. Ilitupita kimya, ikaongeza kasi, ikagonga dari ya shimo mpaka vumbi likatushukia kichwani.

Ndipo nikakumbuka kwamba kule chumba cha mashine palinuka mafuta mabichi, pale breki ilipo, ambapo hapatakiwi tone. Pua ilisikia. Mimi nilipita.

Shemeji alijipangusa vumbi usoni kwa mkono mmoja. Aliniuliza najisikiaje.

"Vizuri tu," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya mkono wangu, vikihesabu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa kutoka ndani.