Jina la Kuazima

Kulikuwa hakujapambazuka Cástula aliposikia kifuniko cha birika la kahawa kikiinuliwa jikoni, kikarudishwa, kikainuliwa tena, kikarudishwa. Polepole, kama afanyavyo mtu asiyetaka kumwamsha mwenye nyumba.

Kwanza alitabasamu gizani, maana mwili ulikumbuka kabla ya akili. Ni mwanawe Nereo aliyekuwa na tabia hiyo. Kabla ya kwenda kuvua alifunua birika anuse kahawa ya jana, akafunika, kisha akafunua tena kana kwamba harufu ingeongezeka. Halafu akili ikafika. Nereo alizama kwenye mlango wa ziwa, pale maji ya chumvi yanapoingia kutoka baharini, na mwili wake haukuonekana. Ilikuwa zamani. Mlimau alioupanda Cástula siku za matanga sasa ulikuwa umepita paa.

Alishusha miguu kitandani akapapasa kutafuta ndala. Alizikuta zimegeuzwa, visigino vikielekea kitanda, tayari kuvaliwa na mtu ambaye mgongo wake haupendi kuinama. Na hilo pia lilikuwa la Nereo. Cástula akakaa vile vile, miguu ndani ya ndala, akalia bila sauti.

Jikoni hapakuwa na mtu. Kiti cha karibu na meko kilikuwa kimelowa, na chini yake palinuka tope la mikoko.

Alijua kilichotokea, maana alikuwa amekifanya mwenyewe. Jana yake, siku ya Ijumaa, alikuwa amekwenda ziwani kuita kivuli cha mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa jirani yake, mzee kutoka Kanada aliyejenga nyumba ya chumba kimoja upande wa pili wa kisima. Wageni wenzake walijenga kule juu ya vilima vya mchanga, wakazungusha uzio na kuweka mlinzi. Huyu alikuja kofia mkononi, akamwomba Cástula ruhusa ya kuteka maji, ilhali kisima kilikuwa kimeangukia upande wa mgeni mwenyewe wa mpaka. Alifika mwaka uliofuata msiba. Cástula alimuuliza jina, akalisikia, na kabla mgeni hajamaliza kulirudia akamwambia kwamba hapa ataitwa Nereo. Watu walidhani ni mzaha wa kulikwepa jina gumu. Yeye peke yake alijua kwamba alikuwa na kiu ya kuliita jina lile uani na kusikia mtu akiitika.

Na mgeni aliitika. Kijiji kizima kikamwita kwa heshima don Nereo, na hakuna aliyemuuliza tena. Siku za joto kali alimletea Cástula barafu ndani ya gunia. Goti lilipoanza kumsumbua mama wa watu, aliamka siku moja akakuta ngazi ya mlangoni imewekewa mti wa kushikilia, umepigwa randa hata hauna kibanzi, wala aliyeuweka hakuutaja kamwe. Naye Cástula alimshonea vifungo na kumpelekea maharagwe na mikate ya mahindi ndani ya kitambaa.

Kisha mtumbwi ukampindukia mzee wa watu palepale mlangoni mwa ziwa. Wavuvi walimwopoa akiwa hai, akawashukuru mmoja mmoja, akaenda kulala, na tangu hapo hakuamka sawasawa. Aliweka kijiko mdomoni akasahau kumeza. Hospitali ya mjini ilimpima damu ikamrudisha bila kuona kitu. Alipoketi uani mchana, kivuli chake ukutani kilikuwa hafifu, kama kahawa iliyozidi maji.

Hapo Cástula akaelewa. Mtu akishtuka vibaya, kivuli chake hubaki pale aliposhtukia, na kisiporudishwa, mwenyewe hufifia mpaka akaisha. Mama yake alikuwa mwitaji wa vivuli, na yeye utotoni alimbebea kikapu. Basi akachukua shati la mgonjwa na tawi la mrehani, akaingia majini mpaka magotini, akayapiga maji kwa tawi, akaita: Nereo, njoo twende nyumbani. Shati likawa zito mkononi. Akarudi nalo bila kugeuka nyuma, maana ukigeuka kivuli hukimbia, akalilaza chini ya kichwa cha mgonjwa.

Shati lilikuja na mtu kweli. Ila mtu huyo hakukaa kwa mgeni. Alikwenda kwao.

Siku zilizofuata Cástula hakumwambia mtu. Kila asubuhi alimimina vikombe viwili, na kile cha pili kilibaki kimejaa, ila ukikionja kahawa ilikuwa na chumvi. Alikanda unga wa mahindi huku akikisimulia kile kiti habari za binamu walioolewa na nyavu zilizoibwa. Moto ukiwaka, ukutani vilisimama vivuli viwili. Hakupata jibu hata siku moja, ila maji yakidondoka kutoka kitini, tone baada ya tone. Furaha yake ilikuwa na baridi ndani yake, na bado hakuiachia.

Eufrosina ndiye aliyemfuma. Alikuwa muuza samaki mwenye ulimi mkali, na ndiye aliyemshika Nereo siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Cástula waliitana komadre, kama watu wanaochangia mtoto. Alitua ndoo yake mlangoni akaviona vikombe.

"Unamngoja nani, komadre? Umepata mchumba?"

"Mchumba wa umri huu ataniibia meno."

Eufrosina akacheka, akavuta kiti cha karibu na meko, akakaa, akainuka papo hapo akiwa ameshika sketi iliyolowa. Akanusa kiganja chake. Kicheko kikamkauka. Alikitazama kile kiti kwa muda, kisha akavua shali yake mabegani akaitandaza pale juu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Cástula akamweleza yote. Eufrosina alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Basi nyamaza," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Wageni wanaletwa na kila ndege. Huyu wetu alikuwa mmoja."

Cástula aliinuka. Alifunga maharagwe kwenye kitambaa, akavuka kisimani.

Mgeni alikuwa kitandani, amegeuzia uso ukutani. Shati chini ya kichwa chake lilikuwa limelowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kijijini. Cástula akampandishia mto, akampulizia maharagwe yapoe. Alipomkaribishia kijiko, mzee alifungua mdomo akasema, na ilikuwa siku nyingi hajasema.

"Nina baridi, doña. Bado niko kule."

"Kule wapi, jirani?"

"Chini. Alikuwapo kijana. Alinishika mkono tangu nilipoanguka, akaniambia nisiogope, watakuja kuniita." Akapumzika. "Kisha sauti ikamwita yeye. Akasema, ni mama, siwezi kumkatalia. Sasa niko peke yangu."

Kijiko kilibaki hewani. Cástula alimwona mwanawe kule kwenye giza la maji, ameshika mkono wa mzee asiyemjua, kama alivyokuwa akiwashika vikongwe kuvuka matope siku za mvua. Na yeye mama yake ndiye aliyewaachanisha. Akaelewa pia kwamba Nereo hakurudi kwa sababu ya kahawa. Alirudi kwa sababu aliitwa.

"Mama yako alikuwa akikuitaje?" akamuuliza.

Mzee alifikiri kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ya koti la zamani. "Halvard. Hasa nikiwa nimekosea."

"Basi hilo ndilo utakaloitikia."

Akatabasamu kidogo. "Hili jingine nilijua ni la mtu, doña. Nilikuwa nalitunza."

Cástula akamfuta kidevu. Akalivuta lile shati taratibu chini ya kichwa chake, akaondoka nalo.

Alfajiri kifuniko kiliinuliwa, kikarudishwa, kikainuliwa tena. Ndala zilikuwa zimegeuzwa. Cástula akazivaa, akachukua shati na tawi la mrehani, akasimama mlangoni pa jiko akasema, twende basi, mwanangu. Njia nzima ya mchanga mkavu alisikia nyuma yake nyayo zinazodondosha maji, na hakugeuka.

Mlangoni mwa ziwa kulikuwa kumeanza kupambazuka. Shati moja halibebi watu wawili. Alilileta usoni akalinusa, na chini ya harufu ya tope akaipata ile ya nywele za mwanawe, moshi na ndimu. Angeweza kurudi nyumbani. Hakuna mtu ambaye angemlaumu, wala ambaye angejua, ila mzee mmoja aliyeanza kusahau kumeza.

Akalitia shati majini. Hakulisugua. Alilitikisa kidogo kidogo, huku kiganja kingine kikiwa chini yake, kama anavyoogeshwa mtoto mchanga. Maji yaliyomzunguka mikono yakawa na joto, yakamshika viganja kwa kitambo, kisha yakapoa. Shati likawa jepesi.

"Mshike mkono mpaka nimpate," akasema.

Halafu akayapiga maji kwa tawi akaita jina la mgeni. Ulimi ulijikwaa, na maji hayakutikisika. Akaita tena, bure. Mara ya tatu aliita kama mama aliyekasirika, mtoto amekimbia bila viatu na chakula kiko mezani. Shati likavutwa chini kwa uzito hata likataka kumponyoka.

Akalikumbatia, akatoka majini, akashika njia ya kijijini. Nyuma yake kulikuwa na hatua nzito za mtu anayeburuta mguu wa kushoto, na aliufahamu mguu ule wa jirani yake, maana alikuwa ameusikia uani miaka mingi. Aliongeza mwendo. Shingo ilimuuma kwa kutogeuka.

Alikuwa amefika kwenye mikoko ya mwisho sauti ilipomfikia kutoka majini, ya upole, ile ile, haijazeeka hata siku moja.

"Mama," ikasema, "uje tena kunitazama."