Konokono wa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, usafi wake umepitiliza. Akija kwangu huwa naziona sufuria zangu zikijikunyata. Huyo ndiye niliyemwombea nafasi maabara, tuhesabu pamoja minyoo inayoishi ndani ya kambare. Usicheke. Kuna kazi nimezifanya mimi, ukiilinganisha hii nazo ni harusi.

Alipewa miezi mitatu ya majaribio kwenye hadubini. Akishindwa, apelekwe kuosha chupa. Asubuhi ya mwisho Mkuu wa maabara aliingia na karatasi za Wifi mkononi, uso umekunjamana kama shuka la mgonjwa.

Tuna mabwawa mawili, la juu na la chini, yanayopata maji ya mfereji mmoja. Yote yaliwekwa vifaranga vya kambare wiki ile ile aliyoanza Wifi. Kambare wa juu sasa ni nyumba ya kupanga: minyoo machoni, minyoo utumboni, minyoo kwenye matamvua, kila aina na chumba chake. Wa chini, kwa mujibu wa karatasi, machoni sifuri, utumboni sifuri, wiki nenda wiki rudi. Matamvua tu ndiyo yenye wapangaji. Mkuu akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba sifuri ndiyo namba rahisi kuliko zote kuandika.

Wifi alisugua trei ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

Basi Mkuu akavaa glavu, akapasua mwenyewe kambare watano wa bwawa la chini. Mimi nilihesabu naye kimoyomoyo, maana nyumbani kaka angeniuliza mimi. Jicho la kwanza, safi. La pili, safi. Mpaka la kumi. Utumbo nao hivyo hivyo. Akainua kichwa, akataka kujua kwa nini, ikiwa maji ni yale yale na korongo wanaodondosha mayai ya minyoo ni wale wale.

Hapo nikakumbuka kichuguu cha magamba ya konokono nilichokiona nyuma ya stoo. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na hatia, yale magamba yote yametoka wapi.

"Wifi, na wewe," akaninong'oneza mke wa kaka.

Ikabidi aseme. Kila asubuhi, kabla hatujafika, alikuwa akizoa konokono kwenye kuta za bwawa la chini, kwa sababu ndipo anapokaa kula mchana, na chakula hakimshuki akitazamana na vitu vinavyoteleza. Kila ndoo aliichorea mstari wa chaki mlangoni mwa stoo, pamoja na tarehe.

Mkuu akatoka, akausoma ule mlango kama barua ya mapenzi, akacheka mpaka akashika ukuta. Minyoo yetu ya machoni na ya utumboni hulelewa kwanza ndani ya konokono ndipo impate samaki. Ile ya matamvua huhama samaki kwa samaki, haina haja ya mtu. Wifi alikuwa amewafukuza madalali, wapangaji wakakosa njia.

Kiti cha hadubini kikawa chake, mwaka mzima, kwa sharti moja: arudishe konokono bwawani, kisha ahesabu ni minyoo ipi itatangulia kurudi.

Mimi nilishakaa chini kwa kicheko. Wifi akaitazama ndoo aliyoletewa, konokono wa bwawa la juu wakipanda ukingoni.

"Mkuu," akasema, "naruhusiwa kuwaosha kwanza?"