Kadi ya Shangazi Wilhelmina

"Gosbert, hii nini?"

Mke wangu Hellen alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, kichwa chini ya siti ya mbele, akichokonoa kapeti kwa kisu cha jikoni. Kesho yake tulikuwa tunaipeleka Corolla yadi ya magari, tuiache na kuchukua nyingine, na mwenye yadi alishasema hapokei gari linalonuka dagaa.

Akatoa bahasha iliyogandana na gamba la sangara. Jina lilisomeka vizuri mno: Bi. Wilhelmina, Pasiansi.

Miaka tisa nyuma, dada yangu Renatha alipoolewa, mimi ndiye niliyegawa kadi za harusi, kwa gari hilihili. Kwetu Wahaya bibi harusi haagwi bila shangazi yake. Renatha aliagwa na jirani, watu wakashika midomo. Shangazi alikuwa ametuma neno: haendi harusini kama mpita njia aliyesikia muziki, kadi hajaiona. Nami nikaapa kwa kaburi la babu kwamba nilimpa mkononi, tena akanishukuru. Hiyo ya kushukuru niliiongeza mwenyewe, ili inoge. Ukoo mzima ukamwita mwongo, naye akatususa, iwe msiba iwe Krismasi.

"Itupe," nikamwambia Hellen. "Nani atajua?"

Hellen ni Msukuma, hana maneno mengi. "Yule mama ana miaka sabini na nane. Unataka azikwe mwongo?"

Basi nikaendesha hadi Pasiansi, ndala zimejaa povu la sabuni. Shangazi alikuwa barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Nikapiga magoti, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Nikasema yote, hata ile ya kushukuru. Akavaa miwani, akaisoma kadi mbele na nyuma, akaingia ndani. Nikajua anafuata mwiko wa ugali anichape.

Alitoka amevaa gauni la zambarau, sare waliyovaa wanawake wote wa ukoo siku ile. Kumbe kitambaa alishanunua, akashona, akasubiri kadi tu. Zipu haikufika juu. Nililia kama mtoto, wala sioni aibu kusema.

"Acha kelele. Nipeleke kwa Renatha."

"Shangazi, Renatha ana watoto watatu sasa."

"Najua." Akajitanda khanga mgongoni, akafungua mlango wa gari mwenyewe. "Aliyechelewa ni wewe. Mimi siku ile nilikuwa nimeshavaa tangu asubuhi."