Chujio la Mwalimu Suhail

Miaka mitatu Zulekha alilimung'unya jina la Suhail kama kokwa ya tende. Ndiye mwalimu mkuu aliyemhamisha kutoka skuli moja ya Shumba kwa barua ya mistari miwili, eti wanafunzi wake "wanachezea mchanga" badala ya kusoma. Haukupita mwezi, Suhail akasimama mbele ya wageni na kulitangaza chujio la maji walilolibuni watoto wale kuwa ni fikra yake.

Sasa Zulekha alishuka garini mbele ya skuli ile ile, na fomu za tathmini kutoka Wete. Kazi yake ilikuwa kupima kama kufundisha kwa miradi kumewafaa wanafunzi. Alipaswa kuwaambia wakubwa wake kwamba ana kisa na mkuu yule. Hakuwaambia.

"Karibu, Bi Zulekha," Suhail alisema, uso umemparama. "Ya zamani tuyafukie."

"Nimekuja kwa kazi, Mwalimu Mkuu."

Darasani, wasichana wanne walilieleza chujio kwa sauti moja, kama wanaosoma dua. Zulekha aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaibinua ndoo ya chujio juu ya meza. Changarawe, mkaa na mchanga vikachanganyika.

"Haya, lipangeni upya."

Wakatazamana. Mmoja akatia mkaa, akautoa. Jasho likamtiririka Suhail shingoni. Mwisho Raniya, mdogo wao, akasema, "Siye hatukulifanya, mwalimu. Tumekaririshwa tu."

Utamu ulioje! Zulekha aliandika taratibu, makusudi, ili Suhail aione kalamu ikitembea.

"Utanimaliza," Suhail alimnong'oneza mlangoni.

"Mie uliniandikia mistari miwili. Wewe nakupa kurasa sita."

Wiki ya tatu Suhail akavuliwa ukuu. Zulekha alikuwa bado anacheka, pale mwalimu mmoja wa skuli ile alipomweleza lililobaki: siku ile ile ya tathmini, Suhail alimchapa Raniya bakora sita mbele ya skuli nzima.

Akapanda gari hadi Shumba, kwa Bi Mwanawema, mama wa mtoto.

"Nilijua Suhail hatomwacha," Zulekha alikiri. "Nilijua, na sikujali."

Bi Mwanawema hakumkaribisha kitako. "Umempiga Suhail kwa mgongo wa mwanangu."

Zulekha aliwaomba radhi wote wawili, mama na Raniya aliyesimama mlangoni. Raniya aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Njiani kurudi Wete alilia kwa ajili ya mtoto. Akatafuta na huruma kwa Suhail moyoni mwake, akapekua kila pembe. Hakuiona hata chembe.