Damu ya Ng'ombe kwa Tidburg

Mambo yaliharibika siku ya Yohana Mbatizaji, mchana kweupe, mwaka ule mfalme Osgar alipooa binti wa Wakristo wa kusini. Kumbe mahari aliyotoa ilikuwa watu wake mwenyewe. Kila nyumba iliamriwa kwenda mtoni kubatizwa, na askari wenye mikuki wakapangwa ukingoni kuangalia nani hajalowa.

Hunwald, mkulima wa shayiri, alifanya kama walivyofanya majirani wengi: aliigawa nyumba yake.

"Wewe nenda kwa huyo Mungu mpya," alimwambia mkewe, Tidburg. "Mimi nitabaki na Woden wetu wa zamani. Atakayeshinda, tutakuwa na mtu wetu kwake."

Tidburg akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Ila nikikuta huko kuna nyama, usinililie."

Hunwald akajificha msituni na nguruwe. Mkewe akaingia majini, akatoka meno yanagongana, bado anacheka.

Mshika mbili moja humponyoka. Baridi ilipoingia, homa ilimchukua Tidburg. Padri Agilo akamzika kando ya kanisa la mbao, mikono mitupu, hata funguo za nyumba yake hazikufungwa kiunoni kama ilivyo desturi. Mke mwenye nyumba, kuzikwa kama mjakazi!

"Huko aliko hakuna milango," padri alisema.

"Na mimi nitamwona?"

"Ukibatizwa, utamwona."

Hunwald akasema atafikiri. Tangu hapo hakutulia. Akishika jembe analiacha, akikaa kula anainuka, miguu inampeleka kaburini na kumrudisha. Alikuwa bado anafikiri, mfalme Osgar alipokwenda kupigana na wakwe zake walewale, wakigombea msitu ambao hakuna mtu kijijini aliyewahi kuokota kuni zake. Osgar akarudishwa maiti, amelazwa juu ya ngao. Vijana waliokwenda naye hawakurudishwa kabisa.

Ndugu yake Osgar, Wigbert, akakalia kiti cha ufalme. Kanisa likachomwa, padri akakimbia. Wakubwa hubadili miungu kama mtu anavyohamisha mzigo bega hadi bega, na mzigo wenyewe ni watu.

Mwezi wa kuchinja mifugo ulipofika, mwaka uliofuata, akaja Keolmund, msimamizi wa mfalme, pamoja na kuhani wa Woden na bakuli la damu ya ng'ombe. Kila aliyebatizwa apakwe usoni, arudi kwa miungu ya zamani. Waliokufa, jamaa zao wawapokelee damu hiyo na kuwamwagia kaburini.

Jirani yake Hunwald, Ebba, alipakwa wa kwanza. "Juzi maji, leo damu," akasema huku akijifuta pua. "Kesho mtatuosha na maziwa?"

Watu wakacheka. Keolmund hakucheka.

"Tidburg, mke wa Hunwald!"

Hunwald akasogea mbele, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mpokelee," alisema Keolmund. "Ukikataa, shamba ni la mfalme."

"Pokea, shemeji," Ebba alimnong'oneza. "Si atarudi kwako? Ulikuwa unataka nini kingine?"

Ni kweli, hakutaka kingine. Lakini kama padri alisema kweli, si atakuwa anamburuta mkewe kutoka peponi kwa mguu? Na kama padri aliongopa, amwache azurure peke yake huko, hana mungu wala mume? Akalipokea bakuli. Damu ikamchirizikia hadi kwenye kiwiko.

"Bwana Keolmund, nina swali."

"Uliza upesi, damu inaganda."

"Mke wangu alitiwa majini na Osgar, akafa akiwa mtu wa Osgar. Huyu Wigbert hakumjua. Hakuwahi kumpa amri hata moja akiwa hai."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niambieni, nyinyi mnaotuhamisha. Sisi tulio hai, sawa, mtatupeleka mtakako, mna mikuki. Lakini yeye?"

Keolmund akamtazama kuhani. Kuhani akalitazama bakuli.

"Mfalme aliye hai," Hunwald akauliza tena, sauti imepanda, "ana amri gani juu ya maiti wa mfalme mwingine?"