Jina la Mtoto wa Océane

Rolande alikuwa anapiga pasi mashuka ya Bibi Naja, ghorofa ya tatu huko Etterbeek, Brussels, marehemu kaka yake bibi alipoingia akichuruzika maji ya bahari. Rolande akamtandikia taulo kitini, akaendelea na pasi. Kutunza wazee kumemwonyesha mengi. Wafu wenye adabu si taabu. Taabu ni sakafu ya mbao.

Bibi Naja naye hakushtuka. Kwao ni Grinilandi, pwani ya kaskazini kabisa, ambako siku hizi barafu ya bahari inachelewa kuganda na kuwahi kuyeyuka. Kaka yake alipita na mbwa wake wa kuvuta sleji palepale alipokuwa akipita baba yao, barafu ikampasukia, asionekane tena. Wenzake wakauza mbwa, wakanunua mashua. Mwishowe kijiji kizima kikahamishiwa mjini. Na desturi ya kule ni kwamba jina la marehemu halitamkwi mpaka mtoto mchanga apewe jina hilo. Ndipo marehemu hupumzika. Kijijini hakuna aliyebaki wa kuzaa. Basi marehemu akamfuata dada yake Brussels, akakaa. Rolande alimwita tonton, yaani mjomba.

Jirani wa chini, Jean-Pierre, ambaye kazi yake ni mikutano kuhusu barafu hiyohiyo, alimpa marehemu mkono kwenye ngazi, akaomba maji yasimwagike mlangoni pake. Haya, kila mtu na shida zake.

Sasa Océane, binti wa Rolande, alikuwa mjamzito wa mtoto wa kiume, na jina lilikuwa tayari: Kabeya, la baba yake Océane, aliyezikwa kwao Likasi. Kwa akina Rolande pia, jina ndilo linalomrudisha mtu nyumbani, na Rolande alimngoja mume wake kwa hamu isiyosemeka. Bibi Naja hakuomba kitu. Alimkausha tu kaka yake nywele kila jioni, na nywele hazikukauka. Kuona vile kulimtesa Rolande. Océane alipojifungua, Rolande akaenda hospitali kumweleza habari za tonton.

"Maman, na papa je?" Océane akauliza. "Ulisema mutoto atabeba jina ya papa."

"Papa yako iko na kaburi. Uyu hana. Bon, papa yako anaweza kungoya."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, kisha akaenda kulia chooni.

Mtoto akaandikwa Pavia, jina ambalo Rolande alilisoma nyuma ya picha ya tonton. Jioni Bibi Naja akalitamka jina la kaka yake kwa sauti, na kiti kikabaki kitupu. Akamshika Rolande mikono, akacheka huku analia. Walikuwa bado wameshikana kengele ilipolia.

Habari hufika upesi kwa wafu. Kule kaskazini ardhi iliyokuwa imeganda tangu enzi na enzi ilikuwa imelainika, bahari ikala pwani, na makaburi ya kijiji yakateremka majini. Mama yake Bibi Naja alikuwa mbele mlangoni, wengine wamejaa ngazi mpaka mtaani, wametulia, wanadondoka maji. Waliulizia watoto wachanga. Jean-Pierre alikatiza katikati yao na mkoba wake, akiomba radhi. Rolande akashuka kuwaambia ukweli, kwamba Océane amesema mmoja anatosha.

Mwisho wa foleni, nje kwenye lami, alisimama Kabeya, mkavu, na suti aliyozikwa nayo. Moyo ukamuuma Rolande. Akamnyoosha tai, akamwambia walio mbele yake ni wengi. Kabeya akajibu kwamba ameona, akabaki kwenye nafasi yake.