Mkojo wa Asubuhi

Zione alichuchumaa juu ya kikombe cha plastiki, akabana mapaja, akalia. Mama yake, Enifa, alimshika mabega kwa nyuma akimnong'oneza, "Kojoa mwanangu. Kidogo tu, hata matone." Nje, kengele ya shamba la chai ilikuwa imekwisha kulia. Mtoto wa miaka minne alishajua kwamba mkojo unachoma, basi aliuzuia tangu jana jioni mpaka tumbo likakaza.

"Usimkaripie," alisema Bibi Nasibeko kutoka kwenye mkeka. "Uchungu anaujua mwenyewe."

"Simkaripii, mama. Namwomba."

Hatimaye ulitoka, mchache, mchafuchafu, wenye harufu kali, na yowe la Zione likasikika laini nzima ya nyumba za wafanyakazi. Enifa aliumimina kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi alichokuwa amekichemsha, akakizungushia kitambaa kibichi, akakifutika kiunoni. Uji aliuacha jikoni.

Likongwe, mganga wa zahanati ya shamba, alikuwa amemweleza vizuri. Alikwisha kumtibu mtoto malaria, homa ikaondoka, ikarudi. Safari nyingine alimkalisha na kikombe mpaka saa ya kufunga, Zione asitoe hata tone. "Nadhani mkojo una wadudu, mama. Wakipanda wanaingia kwenye figo. Dawa ninayo, ila kampuni hainiruhusu kuifungua bila kipimo. Niletee mkojo wa asubuhi, uwe mbichi. Ukikaa kwenye joto wadudu wanazaliana wenyewe, kipimo kinadanganya."

Maneno mazuri. Lakini zahanati ilifunguliwa wachumaji wakiwa wameshaingia shambani, na mtoto hakupokelewa mpaka aletwe na mfanyakazi mwenyewe, mkononi ana cheti cha kapitao, msimamizi wa wachumaji. Bibi Nasibeko aliwahi kwenda na kichupa peke yake. Mlinzi akamfukuza getini kama mwizi wa kuku. Na kapitao hakutoa cheti ila baada ya mizani ya mwisho. Kila Enifa alipofika jioni, Likongwe alikiinua kichupa kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akamwaga.

Leo Enifa alikuja na ujanja. Alikuwa amejifunza kwenye chai yenyewe.

Ilikuwa Januari, mvua na jua vikipokezana, chai ikichipua kama imetukanwa. Sandikonda, kapitao wao, alipita kati ya mistari na fimbo yake. "Msishindilie, akina mama! Majani yanapumua! Yakipata joto yanageuka mekundu, na mimi nitawageukia ninyi!" Wanawake walicheka, kwa sababu ilibidi wacheke. Majani yalikuwa na banda lao, na wavu wa kivuli, na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji. Enifa alipopeleka kapu la kwanza, alikilaza kichupa pembeni, kwenye saruji ya baridi, akarudi shambani roho imetulia.

Aliporudi na kapu la pili, Sandikonda alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

"Nani kaniletea pombe ya kachasu kazini?"

Wachumaji walicheka. Enifa akapiga magoti, kama mwanamke anavyosema na mkubwa. "Bwana, ni mkojo wa mwanangu. Mganga anautaka. Nipe cheti nikimbie, zahanati ni pale tu."

"Mkojo!" Alikisogeza mbali na shati lake. "Ndani ya banda la majani? Unawajua watu wanaokunywa chai hii?"

"Siwajui, bwana."

"Basi."

"Mtoto anaungua homa. Na wewe ni mzazi, bwana."

"Ni mzazi, ndiyo maana sitaki kufukuzwa kazi. Majani kwanza, Mama Zione. Majani hayangoji mtu."

Akaumwaga nje ya banda. Kichupa alimrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Hakuna aliyecheka tena. "Dua la kuku," alinong'ona mmoja, asimalizie.

Cheti alikipata jioni. Nyumbani alimkuta Zione amevimba macho, ametapika mpaka amekauka, hamjui bibi yake. Alimbeba akakimbia. Likongwe alimgusa paji la uso, akambonyeza ubavuni, mtoto akanung'unika tu. Hakuuliza mkojo. Alifungua dawa bila kupima kitu, akadunga sindano.

"Mbona mmechelewa hivi, mama?"

Enifa alimtazama. Akamfunika mtoto kitenge chake.

"Apelekwe hospitali ya boma, sasa hivi," alisema Likongwe akiangalia pembeni. "Gari la shamba limempeleka meneja mjini. Simama barabarani, lori la majani litapita kwenda kiwandani, njia hiyo hiyo ya boma."

Lilikuja polepole, likikwepa mashimo. Enifa alisimama katikati ya njia, mtoto kifuani. Dereva akafunga breki. Kando yake alikaa Sandikonda.

"Hairuhusiwi, mama," alisema dereva. "Watu hawapandi juu ya majani."

"Nitasimama kwa mguu mmoja. Bwana Sandikonda, mwambie!"

Sandikonda alimtazama mtoto, kisha barabara. "Lipo lori lingine."

"Saa ngapi?"

"Kesho."

Akagonga mlango, lori likaondoka. Juu, chini ya wavu, kibarua alikuwa akiyapindua majani kwa viganja, taratibu, yapate hewa.

Enifa alibaki barabarani. Akahisi ujoto ukimteremka tumboni. Zione alikuwa amekojoa, na safari hii hakulia. Enifa alipapasa kiunoni, akatoa kichupa kitupu, akakikinga chini ya kitenge, tone kwa tone, mkojo mbichi wa sasa hivi, huku akimwita mwanawe kwa jina.